Oveni ya Sikuda na Geti la Tororo

Sikuda, Busia
24 Februari 2025

Mwana wa mama,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima. Mama huko Dabani goti limetulia tangu aache ile dawa aliyouziwa sokoni, na sasa anatembea kuliko mimi. Mvua bado, lakini watu wameshalima na kila asubuhi wanatazama juu.

Sasa jambo lenyewe. Nakuandikia barua, sikupigii simu, kwa sababu hili ni la shule mbili na lazima likae kwenye faili. Tena wewe ukibanwa kwa simu unasema “netiweki, netiweki” halafu unakata. Karatasi haina netiweki.

Ni yale tuliyokubaliana Krismasi. Shule yangu haina karakana, yako haina jiko la kuokea. Kwa hiyo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliochagua uchomeleaji watakuja kwako Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi na kurudi Jumamosi. Wako waliochagua uokaji watakuja kwangu siku hizo hizo. Wewe una mashine ya kuchomelea. Mimi nina ile oveni ya umeme tuliyopewa, ambayo uliiona mwenyewe ukaisifu.

Naomba umwangalie binti mmoja, Kate. Mwaka jana aliacha shule, akawa anauza laini za simu pale mpakani. Amerudi kwa sababu moja tu: alisikia mwaka huu atajifunza kuchomelea vyuma. Nilimuuliza, “Na hesabu je?” Akasema, “Hesabu nitaivumilia, mwalimu.” Somo hili likifa, huyo hatutamwona tena.

Yule fundi Alupo uliyesema utamwajiri awafundishe, ameshaanza?

Dada yako,
Norah


Tororo
13 Machi 2025

Kwako dada Norah,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Osire, dereva wa lori la saruji, ikiwa nyeupe kuliko ulivyoiandika. Huku ni joto na vumbi, lakini afya ipo. Nimepungua mwili kidogo. Usimwambie Mama, atanitumia mihogo gunia zima.

Vijana wako walifika salama. Wana adabu, ingawa huyo Kate wako anauliza maswali kama wakili. Masomo ya vyuma yanaendelea vizuri chini ya usimamizi wangu wa karibu sana. Mashine ni nzima kabisa. Vijana wangu nao wamerudi kutoka kwako wameshiba na wananukia mkate, na mimi sihitaji ushahidi mwingine.

Uliandika habari za mvua. Hata huku hakuna. Uliuliza na mambo mengine. Nitayajibu nikipata nafasi.

Bodi ya shule inakusalimia.

Mdogo wako,
Wabwire


Sikuda
4 Aprili 2025

Mwana wa mama,

Mvua imefika, tena imefika na hasira. Imeangusha migomba ya Mama mitatu, naye ameinuka kuidai serikali ya mtaa. Tuko salama.

Wanafunzi wangu wamerudi kutoka kwako mara ya pili. Wabwire, nimekuwa mwalimu miaka mingi na najua kuangalia nguo za watoto. Mtu aliyechomelea vyuma anarudi na matundu ya cheche kwenye aproni. Aproni hizi zimerudi kama zilivyotoka dukani. Nikamwita Kate.

“Mmejifunza nini huko Tororo?”

“Tumejifunza sana, mwalimu.”

“Nini hasa?”

Akafikiri. “Subira.”

Nikauliza ni nani anayewafundisha. Wote wakatazama miguu yao. Mmoja akasema mwalimu anafundisha vizuri ila “picha inakwamakwama”. Picha gani, Wabwire?

Alupo ameanza au hajaanza? Hilo ni swali la ndiyo au hapana.

Dada yako,
Norah


Tororo
9 Juni 2025

Kwako dada Norah,

Samahani kwa kuchelewa. Likizo iliniteka, halafu Osire akabadilishiwa njia, akawa anapeleka saruji Mbale. Mimi mzima. Nimepata malaria ndogo, imepita.

Kwanza nina swali langu. Kijana wangu Allan, yule mpole aliyekuwa hasemi mpaka asemeshwe, alirudi kutoka kwako Jumamosi ya mwisho wa Mei. Jumatatu nimekutana naye kwenye ukumbi. Badala ya kusema shikamoo, amenipigia ngumi ya salamu, akasema, “Niaje, mwalimu? Form ni gani leo?” Nimelazimika kuulizia maana: eti ananiuliza mpango wa leo ni upi, kwa lugha ya vijana wa Kenya. Tena ameniletea zawadi ya mkate. Mzuri, laini, lakini umefungwa kwenye karatasi yenye jina la Quinter na namba ya simu ya Kenya.

Sikuda iko Kenya tangu lini?

Jambo la pili ni zito. Wilaya imetuandikia kwamba mwishoni mwa Julai mkaguzi atatembelea shule zinazogawana masomo ya ufundi. Asiporidhika, somo linafutwa na watoto wanagawanywa kwenye masomo mengine. Nimefikiri sana. Naona ni heshima aanzie kwako, kwa sababu wewe ndiye mkubwa.

Mdogo wako,
Wabwire


Sikuda
24 Juni 2025

Mwana wa mama,

Ahsante kwa barua. Pole kwa malaria. Mama amesikia umekonda (si mimi niliyemwambia), kwa hiyo Osire akishusha mihogo usikatae.

Quinter ni mwalimu mgeni. Ni mwokaji mzoefu na anatusaidia kwa moyo. Watoto wanapata mafunzo ya nje, jambo ambalo mtaala unaliruhusu. Kuhusu lugha ya Allan, mwokaji lazima ajue lugha ya wateja.

Kuhusu mkaguzi, nimeguswa sana na heshima uliyonipa, lakini siwezi kuipokea. Tororo ni mji mkubwa, na wewe ni mwanamume wa nyumba yetu. Aanzie kwako. Ikiwezekana aishie hapo hapo, asijichoshe na barabara ya Sikuda kipindi hiki cha matope.

Bado sijajibiwa kuhusu Alupo. Faili langu linaonyesha nimeuliza mara mbili.

Dada yako,
Norah


Tororo
7 Julai 2025

Dada,

Mihogo imefika. Ahsante.

Nina haraka. Geti la shule limefungwa kwa muda kwa ajili ya marekebisho ya usalama. Wanafunzi wako wakija mwisho wa mwezi, waambie wasichana wavae suruali.

Wabwire


Sikuda
14 Julai 2025

Wabwire,

Huku wazima. Kwa nini suruali?

Nimemuuliza Osire. Ameona aibu kwanza, halafu amecheka mpaka ameketi chini. Anasema barua yangu aliipitisha juu ya ukuta kwa ufagio, na kwamba alimwona mwenyekiti wa bodi yenu akivutwa kwa kamba na wapishi wawili, koti likiwa limemfunika kichwa.

Umefanya nini na geti?

Na mkaguzi atapita wapi?

Norah


Tororo
Alhamisi, 31 Julai 2025, mchana

Dada yangu Norah,

Leo sina salamu ndefu. Nimekupigia simu tangu asubuhi hushiki, kwa hiyo nampa Osire barua hii na nimemwambia aendeshe kama anafukuzwa. Mkaguzi amekuja kwangu leo. Kesho anakuja kwako. Jiandae.

Acha nikwambie yote, maana hata nikificha Kate atakwambia.

Alupo hajawahi kuanza. Januari alikuja, tukapatana, akaweka vifaa vyake karakana. Saa ya chai akaingia chumba cha walimu. Mimi nikamwambia mbele ya watu kwamba chumba kile ni cha walimu wenye vyeti, fundi anaweza kunywa chai jikoni na wapishi. Alikusanya vifaa vyake akaondoka. Mashine ikabaki bila mtu, halafu Februari wewe ukaniandikia kuhusu huyo binti. Nikaona nitafundisha mwenyewe. Nilikuwa nawaonyesha video kwenye simu yangu, ndiyo hiyo picha inayokwama.

Mwezi wa sita watoto wakachoka na video. Wakaomba vitendo. Bawaba ya geti ilikuwa imelegea, nikasema haya, tuanze na hiyo. Nikavaa miwani nyeusi ya kuchomelea, nikachomelea. Kumbe kwenye ile miwani mtu haoni kitu. Nilipoivua nikakuta nimeunganisha milango yote miwili ya geti, juu mpaka chini, na komeo ndani yake. Kumwita Alupo aje alikate niliona aibu. Tukaanza kutumia ngazi.

Leo asubuhi mkaguzi amegonga. Askari wetu akachungulia.

“Mzee, hapa tunaruka.”

“Mnaruka nini?”

“Ukuta, mzee. Ngazi iko upande wa jikoni.”

Ni mtu mnene, Norah, na alikuja na mkoba na suti. Akakataa kuruka. Akalishika geti akalitikisa kwa mikono miwili. Halikutikisika.

“Nani amechomelea hili?”

Wanafunzi, wangu na wako, walikuwa wote pale. Wangeweza kunitaja, hawakunitaja. Nikanyoosha mkono mwenyewe, kama mtoto.

“Limeshika,” akasema kupitia upenyo. “Kwa kweli limeshika.”

Kumbe Kate alikuwa ameshapita juu ya ukuta na kukimbilia kwenye kibanda cha Alupo karibu na soko. Wakaja na bodaboda, grinda ya kukatia vyuma kwenye gunia. Alupo akapitisha kidole kwenye kazi yangu, akanitazama kupitia upenyo ule ule.

“Mwalimu mkuu,” akasema, “leo chai nitakunywa wapi?”

Nikasema, “Chumba cha walimu, mwalimu.”

Hapo ndipo alipowasha grinda. Cheche ziliruka mpaka barabarani, na watoto wakapiga makofi kama uwanja wa mpira.

Mkaguzi ameandika mengi. Nimemwambia ukweli wangu wote, ila nimemwapia kwamba oveni yako inafanya kazi vizuri sana. Angalau wewe uko salama.

Wabwire


Sikuda
4 Agosti 2025

Mwana wa mama,

Barua yako ya kunionya imefika leo Jumatatu. Mkaguzi alifika Ijumaa. Osire aliendesha kama ulivyomwambia, akapata pancha mbili. Na simu niliiona ikiita. Nikadhani unataka kugombana kuhusu Alupo, nikaiacha.

Kaka, oveni yangu ilikufa Januari. Umeme ulikatika, uliporudi ulirudi na nguvu zote, oveni ikatoa moshi mmoja tu ikanyamaza. Nilipokuandikia barua ya kwanza ilikuwa tayari ni kabati. Niliona nikikwambia utakwenda kwa Mama kusema Norah ameshindwa. Nikaenda kwa Quinter, mwenye kiwanda kidogo cha mkate upande wa Kenya, nikamwomba awapokee watoto. Kila mwezi nimekuwa nikiwavusha kwa miguu, na sare zao, kama bata.

Ijumaa mkaguzi aliingia moja kwa moja jikoni. “Naambiwa hii inafanya kazi vizuri sana,” akasema. Sasa ndiyo naelewa aliambiwa na nani. Kabla sijafungua mdomo, amefungua mlango wa oveni. Kuku akatoka. Kuku wa mpishi, alikuwa ameatamia mle na mimi sikujua. Alimrukia kifuani, akakanyaga mkoba, akaenda zake nje akipiga kelele.

Mkaguzi akajifuta manyoya. “Joto lipo,” akasema.

Ningeweza bado kujitetea. Lakini saa ile ile watoto wakarudi kutoka ng’ambo, trei vichwani, aproni za Quinter vifuani. Allan akamwona mtu mwenye suti amesimama mlangoni, akasahau yuko wapi, akamwita mzee kwa ile lugha ya wateja. “Buda, mkate moto, nikupee ngapi?”

Nikaketi kwenye kiti cha mpishi nikasema yote.

Alisikiliza mpaka mwisho huku anakula. Halafu akasema, “Mwalimu, nimekagua shule nyingi. Ninyi ndio wa kwanza kukubaliana kugawana kitu ambacho hakuna kati yenu aliye nacho.”

Ametupa mpaka Novemba. Wewe uwe na mwalimu wa kweli karakana. Mimi niwe na oveni ya kweli upande huu wa mpaka, watoto wasivushwe tena. La sivyo somo linafutwa.

Jumamosi jioni, waliporudi kutoka kwako, nilimkuta Kate ameketi nje ya ofisi yangu. Akauliza, “Kwa hiyo limekwisha?” Wabwire, nilijisikia vibaya kuliko siku zote za kazi hii. Nenda kwa Alupo. Piga magoti ukitaka, lakini nenda.

Dada yako,
Norah


Tororo
6 Oktoba 2025

Kwako dada mpendwa,

Huku wazima wote. Geti linafunguka, na mwenyekiti wa bodi ameanza kunisalimu tena.

Nilikwenda kwa Alupo siku ile ile niliyopata barua yako. Hakunipigisha magoti. Alitoa masharti mawili. Moja, ataitwa mwalimu na atakuwa na kiti chake chumba cha walimu. Nikakubali. La pili, mimi nitaketi kwenye benchi na wanafunzi, nijifunze upya tangu kushika koleo, kwa sababu hataki kukata tena kazi yangu hadharani. Hilo nililala nalo siku kadhaa. Sasa kila Alhamisi niko karakana na aproni. Mwisho wa mwezi uliopita aliniambia mshono wangu unafanana na kinyesi cha mbuzi, akauonyesha darasa zima. Kate akanishika bega: “Utazoea, mwalimu. Hata mimi nilianza hivyo.”

Sasa kuhusu oveni. Alupo ndiye aliyesema tutengeneze ya mkaa kwa pipa. Mwezi huo Allan alibaki huku kutoa vipimo, maana anajua trei za Quinter zinaingiaje. Yeye na Kate waligombana siku zote tatu kuhusu mlango. Allan anataka ufungukie kando, Kate anasema ufunguke kwenda chini ili mtu aweke trei juu yake. Kate ameshinda, kwa sababu ndiye mwenye mashine mkononi. Kazi yote ni yao. Mimi nimechomelea mguu mmoja, wa nyuma, usioonekana.

Inakuja na Osire kesho kutwa. Nimeifunga kwa magunia kama bibi harusi.

Wabwire


Sikuda
24 Novemba 2025

Mwana wa mama,

Umeondoka Ijumaa tu, lakini ulikimbilia gari la Tororo kabla mambo hayajaisha, kwa hiyo acha nikumalizie.

Hukuwepo siku oveni ilipowashwa mara ya kwanza, na sikukwambia. Mkate ulitoka mzuri wa kutazama, ukawa na ladha ya dizeli. Lile pipa lilibeba nini kabla? Quinter alikuwa amevuka kuja kusherehekea. Alionja, akatema, akacheka mpaka akashika ukuta. Tuliliunguza pipa tupu kutwa nzima, moto mtupu, ndipo likakubali. Kwa hiyo mkate aliokula mkaguzi Ijumaa ulikuwa na historia.

Uliona mwenyewe alivyokagua. Alianza kwa kufungua mlango polepole, amerudi nyuma hatua moja. Ulipoona hakuna kuku aliyeruka kutoka mle ndani, ulicheka kwa sauti, Wabwire, na mimi sitakusamehe. Baada ya wewe kuondoka alimwita Kate, akamuuliza kwa nini mlango unafunguka kwenda chini. Kate akamweleza bila kutetemeka. Kisha akamwomba Allan amkatie kipande kingine. Somo limebaki. Mwakani tunaruhusiwa kuongeza hata kidato cha pili. Kate aliposikia alichukua ufagio akafagia jiko lote, pamoja na sehemu zilizokuwa safi.

Mama naye alifika kutoka Dabani, amechelewa kama kawaida yake, mkaguzi ameshapanda gari. Nikampa chai na mkate. Akauliza haya yote yalianzaje, nikaona njia rahisi ni kumletea faili. Nikamsomea barua zetu zote, moja baada ya nyingine, zangu na zako. Hakunikatiza hata mara moja, na unajua Mama si mtu wa kutokatiza. Nilipofika kwenye kuku akaweka kikombe chini.

Nilipomaliza akaanza maswali.

“Hizi mliandikiana ninyi wawili?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na wote mmesoma mpaka mkapewa shule mziongoze?”

“Ndiyo, Mama.”

Akachukua kipande kingine cha mkate, akakigeuza akakitazama chini kama kimeungua.

“Basi huyo binti mwacheni achome vyuma,” akasema.

Dada yako akupendaye,
Norah